Nyumba Ambayo Daktari Kimanzi Hakutaka Iishe

Vijana, kiongozi wenu wa kanisa amenifuata nyumbani mara tatu akitaka niwaandikie kitu. "Mzee Mulwa, andika jinsi ya kufaulu." Nikamwambia mimi niliachia shule darasa la nne, mambo ya kufaulu awaulize waliofaulu. Akasema, "Basi andika tu vile ulifanya kazi." Sawa. Nimenunua daftari na kalamu mbili, moja imeshaanza kukataa. Mkiona nimepotea njia hapo katikati ningojeni, nitarudi.

Nilikuwa fundi wa mawe. Nimejenga Ikutha, nimejenga Mutomo, nimejenga hadi Nuu kule ambako mbuzi ni wengi kuliko watu. Na karibu kila nyumba kubwa niliyosimamisha ilikuwa ya mtu aliyekuwa namba wani. Mnajua tabia yetu. Mtu akisoma akafika juu, akapewa ofisi Nairobi, swali la kwanza huku nyumbani ni moja: amejenga? Kama hajajenga, digrii zake zote ni hewa. Lazima ajenge, na lazima nyumba ionekane kutoka barabarani, hata kama atalala humo siku nne kwa mwaka. Kwa hiyo mimi nimelishwa na akili za watu wengine maisha yangu yote, na watoto wangu wamesoma kwa akili hizo hizo. Siwezi kuwadharau. Lakini nimewaona kwa karibu, mimi nikiwa juu ya ngazi na wao wakiwa chini wameshika kiuno, na kuna jambo moja ambalo hawalisemi siku wanapoletwa hapa kuwapa nyinyi moyo. Wanaogopa. Nitafika hapo.

Kwanza maji. Kijana yeyote anayetaka ufundi asikie hili hata kama atasahau mengine yote. Maji ya visima vya kule Ikutha mengi yana chumvi. Ng'ombe anayanywa, simiti haiyataki. Mimi nilipokuwa mbichi nilipewa duka la sokoni nipige plasta, na mto ulikuwa mbali, punda wamechoka, nikasema maji ni maji. Baada ya mvua mbili plasta ikaanza kutoka kama ngozi ya nyoka. Aliyenifundisha kazi, mzee Ngumbi, mtu mfupi mwenye mdomo mkali, alinipeleka pale sokoni, siku ya soko, watu wamejaa. Akaniambia, "Lamba." Nikauliza nilambe nini. "Ukuta wako. Lamba mbele ya wateja." Nililamba. Ulikuwa na chumvi kama mchuzi wa harusi. Kuanzia siku hiyo sijawahi kuchanganya simiti kabla ya kuonja maji kwa ulimi.

Huyo Ngumbi ndiye pia alinifundisha kuacha. Ukipiga plasta, unasawazisha, unapitisha mwiko wa chuma, halafu unatoa mkono. Fundi mwenye sifa anapenda kuendelea kuusugua ukuta ung'ae. Ukizidisha, simiti inapanda yote juu, mchanga unabaki chini, na baada ya muda ukuta unajaa nyufa ndogo ndogo kama mguu wa mtu asiyepaka mafuta. Ngumbi alikuwa akiniona nasugua ananichapa kwenye mkono na ubao. "Toa mkono! Umeshafika!" Mimi nilikuwa mgumu sana kutoa mkono.

Sasa Daktari Kimanzi.

Yeye si daktari wa sindano, ni wa vitabu. Alikuwa namba wani tangu shule ya msingi hapa kwetu, akawa namba wani sekondari, akaenda ng'ambo, akarudi, akawa mkubwa wa wakubwa katika ofisi ambayo sikuwahi kuelewa inafanya nini. Mtu mzuri, mwembamba, anasalimia kila mtu. Baba yake alishafariki. Mama yake, Mwaitu Syombua, mama yetu sote kama hilo neno mwaitu linavyosema, alikuwa anaishi kwenye nyumba ya zamani ya tofali za udongo, mabati yameshika kutu, na jiko pembeni. Miguu yake ilikuwa imeharibika. Kimanzi alinileta akanionyesha uwanja mbele ya ile nyumba ya zamani, akasema mbele ya mama yake, "Fundi, tunajenga ghorofa. Na Mwaitu atakaa chini, chumba cha mbele. Desemba anahamia."

Mama akauliza, "Dirisha litaangalia wapi?"

"Popote unapotaka, Mwaitu."

"Liangalie njia ya sokoni. Nimechoka kusikia watu wakipita na sijui ni akina nani."

Hiyo ndiyo haja yake yote. Nyinyi mnaomba Mungu mambo makubwa, yule mama alitaka dirisha la kuchungulia watu.

Nilimjengea hilo dirisha kwa moyo. Mawe nilichonga mwenyewe kwa tindo, kizingiti nikakiweka chini kidogo ili aone akiwa ameketi. Na kufikia Desemba ile ya kwanza nyumba ilikuwa na paa, sakafu, milango. Kulikuwa kumebaki rangi. Jumamosi moja Kimanzi akaja, akasimama mbele ya ngazi ya kupanda juu, akaikagua kidato kwa kidato.

"Fundi, hii ngazi."

"Ndiyo, Daktari."

"Hapana."

Nikachukua futi. Nikapima kila kidato mbele yake. Vyote sawasawa. "Imekosea wapi?"

"Haijakosea. Lakini siyo yenyewe."

"Yenyewe ni ipi?"

"Nitaijua nikiiona."

Tukaivunja. Vijana, kuvunja saruji iliyoshika ni kazi ya kukufanya umchukie mtu. Tukajenga nyingine ya kuzunguka. Ilipokauka akasema iwe ya mbao. Ngazi ikaisha, akahamia jikoni. Jikoni kukaisha, akasema sebule ipanuliwe. Desemba ikapita, Desemba nyingine ikapita. Mwaitu Syombua alikuwa anakaa mlangoni kwa nyumba ya zamani na ungo wa ndengu, anachambua huku anatutazama.

"Mulwa!"

"Naam, Mwaitu."

"Leo mnajenga au mnabomoa? Nataka kujua niombe upande gani."

Vibarua wanacheka. Mimi pia nacheka. Ndiyo hivyo, tulikuwa tunacheka.

Sasa kuna siku Kimanzi alikuja mapema, vibarua wameenda kula, jua liko kichwani. Akaketi juu ya mfuko wa simiti na suruali yake ya bei. Akaniuliza, "Fundi, wewe ukimaliza nyumba unasikiaje?"

Nikasema, "Nasikia njaa."

Akacheka sana, halafu nikaona kicheko kimegeuka. Akavua miwani. Akasema, "Mimi nikimaliza kitu nasikia kama nimekanyaga kidato ambacho hakipo. Unajua ile? Unashuka, unafikiri kimebaki kimoja."

Najua ile, nimewahi kuvunja jino kwa sababu yake.

Akasema alipokuwa namba wani darasa la nane baba yake alichinja mbuzi, na watu wakila yeye alienda nyuma ya choo akalia. Alikuwa mtoto, hakujua analia nini. Alikuwa anajiuliza, basi? Ni hivi tu? Akajiambia ni kwa sababu bado hajafika sekondari ya wakubwa. Akafika. Akajiambia ni chuo. Akajiambia ni ng'ambo, akajiambia ni kuoa, akajiambia ni cheo. "Sasa Fundi, juu yangu hakuna kiti kingine. Asubuhi nikifunga tai najiuliza, nikianguka leo, nitakuwa nimefanya nini duniani? Nitakuwa nimepita mitihani. Na wale ninaowaongoza wakijua ndani hakuna mtu?"

"Umeenda hospitali?"

"Wanasema moyo ni mzima."

"Mama watoto anasemaje?"

"Anasema nipumzike. Nikipumzika ndiyo inakuja."

Akapangusa macho. Akasema maneno ambayo sitayasahau. "Hapa tu ndipo napumua. Jumamosi nikifika nikute kuna kitu hakijaisha, napumua."

Mimi nilielewa. Msije mkasema mzee hakuwa na elimu. Nilielewa siku hiyo hiyo. Nikamuuliza, "Na Mwaitu?"

Akatazama upande wa jiko la mama yake, moshi ulikuwa unatoka. "Mwaitu ni mvumilivu," akasema.

Kumbe wako wengi wa namna hiyo. Aliniambia ana wenzake waliosoma pamoja, wote walikuwa wa kwanza kwao. Mmoja anakimbia, kila wikendi anakimbia kilomita ambazo punda angekataa, na hakuna anayemfukuza. Mmoja amenunua ng'ombe wa maziwa na hajawahi kuwashika, anawatazama kwa simu. Mmoja anafunga kula na kupanda mlima wa maombi, akishuka anaenda kusoma digrii nyingine. Mmoja ni pombe, huyo angalau anajulikana. Kimanzi alikuwa na mimi. Mimi ndiye nilikuwa dawa yake, na dawa ikimezwa kila Jumamosi muuzaji hasemi kitu.

Nisijifanye mtakatifu. Na mimi ndani ya kazi yangu nilikuwa namba wani. Kuanzia Ikutha hadi Nuu, mtu akitaka kona iliyonyooka anaambiwa tafuta Mulwa. Na nyumba yangu mwenyewe, hii ninayoandikia, haina plasta mpaka leo. Mawe yako uchi. Mke wangu Mueni huwaambia wageni, "Karibuni kwa fundi mkubwa, msiegemee ukuta, utawakwaruza." Nilikuwa nasema sina wakati. Uongo. Nilikuwa nikikaa nyumbani siku mbili bila kazi naanza kutafuta ugomvi na kuku.

Wakati mmoja nilimjengea mwalimu mkuu kule Nuu, Mwalimu Ndunge. Naye alikuwa kichwa, shule yake ilikuwa inashinda shule zote za huko. Alitaka vyumba viwili na veranda. Nikamwambia, kwa ukubwa wako Mwalimu, tuongeze cha tatu, watu watasema nini? Akaniambia, "Waseme. Nimeogopa watu miaka thelathini, sasa nataka kuketi." Nilipomaliza aliketi kweli. Alileta kiti akakaa kwenye veranda na chai, hakunionyesha kasoro hata moja, na mimi nilikuwa nimeacha moja kwa makusudi ili aione. Nilikasirika, mnajua? Nilirudi nyumbani nimekasirika kwa sababu mtu ameridhika. Hapo ndipo ningejichunguza. Sikujichunguza. Nikarudi kwa Kimanzi.

Turudi kwa Kimanzi basi.

Ilikuwa Jumatano. Nyumba ilikuwa imefika tena mahali pa kuisha, taili zimelala, dari ya jipsam nyeupe. Nilikuwa nimeenda kutafuta msumari. Kurudi nakuta moshi unatoka dirisha la mbele. Nikakimbia na haya magoti. Mwaitu Syombua alikuwa ameita wanawake wawili wa chama chao cha kanisani wakambebea kitanda. Kitanda kiko ndani. Kuku wanne wako ndani. Mafiga matatu yako katikati ya sebule juu ya taili, na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, inachemka.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Nimehamia."

"Daktari hajasema."

"Huyo Daktari mimi ndiye nilimzaa, au ni wewe ulimzaa?"

Wale wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nikaenda nikamletea kiti, nikakiweka kwenye dirisha.

Siku tatu hizo sijaona mtu mwenye raha kama yeye. Kila aliyepita njia ya sokoni alisalimiwa kwa jina. "Wee Mutua! Hiyo mbuzi ni yako au umeipata njiani?" "Kalekye, umenenepa, mwambie bwanako nimesema ahsante!" Watu walianza kupitia huko kwa makusudi ili watukanwe.

Jumamosi Kimanzi akaja. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kwa kelele. Hakupiga kelele. Alicheka, akampiga mama picha pale dirishani, akala muthokoi akiwa amekaa juu ya mfuko wa simiti. Nikasema moyoni, imeisha, Mungu mkubwa. Nilianza hata kukusanya vifaa vyangu.

Kisha akaniita nje.

"Fundi, zile taili zimeungua pale kwa mafiga."

"Ni nne tu, Daktari. Nina za akiba. Kesho kutwa hutajua."

"Zitoe zote."

"Zote?"

"Hata hivyo rangi yake sikuwa nimeipenda. Na dari imeshika moshi, ishuke."

"Na Mwaitu?"

"Arudi kule kwa wiki mbili. Wiki mbili tu, Fundi." Alikuwa anatoka jasho kama mtu mwenye malaria. Hakuwa mtu mbaya anayemtoa mama yake nje. Alikuwa mtu aliyeona nyumba imeisha, na mtu anaishi ndani, na Jumamosi ijayo hakuna pa kwenda.

Hapa ndipo mniangalie vizuri. Mimi peke yangu ndiye aliyekuwa anamsikiliza kwa mambo ya ile nyumba. Mke wake hakuwa anasikilizwa, pasta hakuwa anasikilizwa. Kama ningeweka mwiko chini niseme, Daktari, mimi sitoi taili hata moja, mama amekaa, nyumba imeisha, toa mkono, angefanya nini? Hakuwa anaamini fundi mwingine. Maneno yalikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini nikaona na mimi Jumatatu yangu. Nikaona niko nyumbani nagombana na kuku.

Nikaingia ndani. Nikasema, "Mwaitu, ni wiki mbili tu."

Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi. "Mulwa. Hata wewe?"

Nilishika kitanda upande wa kichwa, Kimanzi akashika upande wa miguu. Tukakitoa. Mtu akapita njiani akauliza kwa sauti, "Mwahama tena?"

Taili mpya zilichelewa kutoka Nairobi. Wiki mbili zikawa sita, ikaingia ile miezi ya baridi, na ile nyumba ya zamani upepo ulikuwa unaingia upande mmoja na kutokea mwingine. Kifua kilimshika. Kimanzi alimpeleka hospitali nzuri, madaktari wa jina, hakuna alichomnyima. Alirudishwa akiwa nafuu kidogo, akalala kule kule kwa zamani, na huko ndiko alikofia. Siku hiyo nilikuwa nimepanga taili mpya mpaka chini ya dirisha.

Siku ya mazishi alilala nje, kwenye hema. Kanisa letu haliruhusu mtu wa kwanza kuingizwa kwenye nyumba mpya awe ndani ya jeneza, na ile nyumba ilikuwa haijaombewa kwa sababu ilikuwa haijaisha. Kwa hiyo ghorofa lilisimama pale nyuma ya hema kama mgeni aliyekosa kiti. Mtu wa kusoma historia ya marehemu akasoma maisha ya Mwaitu Syombua kwa dakika tatu, akazaliwa, akaolewa, akaokoka. Halafu akasoma digrii za mwanawe. Hizo zilichukua muda. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Kimanzi wakati wa makofi, na naapa alikuwa na uso wa yule mtoto aliyejificha nyuma ya choo.

Nikarudi nyumbani. Yeye akaniambia nifunge nyumba na kufuli, nikafunga. Nikakaa karibu miezi mitatu. Hapo ndipo nilipokijua vizuri kile kidato ambacho hakipo, maana nilikikanyaga kila asubuhi nikitoka kitandani. Mueni akaniambia, "Si sasa upige plasta nyumba yetu?" Nikamwambia simiti imepanda bei.

Kisha simu ikalia. Alikuwa ni yeye.

"Fundi, nimepata ploti kule Salama. Juu kabisa, unaona barabara yote ya Mombasa."

"Ya nani, Daktari?"

"Vipi ya nani?"

"Nani atakaa?"

Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu aliyepanda kilima na gunia. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeomba maji, "Njoo tu tupime, Fundi."

Vijana, mngependa niwaambie nilikataa. Hata mimi ningependa. Ile nyumba ya Salama bado inajengwa hadi leo, anajenga na fundi mwingine, kwa sababu mwishowe magoti yangu ndiyo yaliyokataa, mimi sikukataa. Ninaposikia mnaimbiwa kuwa wa kwanza, kuwa wa kwanza, natamani mtu mmoja asimame awaulize mkishakuwa wa kwanza mtaketi wapi, na ni nani anayewangoja hapo. Mimi sina haki ya kuuliza. Siku ile ya simu Mueni alikuwa mlangoni anapepeta mahindi, amesikia kila neno la ile simu. Akanitazama nikitia mwiko, timazi na kamba ndani ya gunia. Hakupiga kelele.

"Nenda," akasema. "Nendeni mkaogope pamoja."

Nikaenda.